Sayari Iliyogombewa Kishanda

Kabla Joviana hajapata sayari, mama yake alikuwa Kokushubila tu, mjane wa Avit wa Kishanda, mwenye kibanja kizuri cha migomba na kahawa kando ya barabara na mdomo usiopenda kukaa bure. Baada ya sayari akawa Mama Sayari. Jina hilo hakupewa na mtu. Alijipa mwenyewe, akalitembeza jumuiya kwa jumuiya mpaka watu wakachoka kulikataa.

Tumsamehe. Muleba ni wilaya ambayo watu wamesoma hadi vyeti vimekosa ukuta wa kutundikwa, na hakuna msiba wala harusi ambapo chakula huruhusiwa kabla mtu hajasimama kutaja shahada za ukoo mzima, za walio hai na za waliotangulia. Kwa miaka mingi Kokushubila alikaa mkekani nyuma kabisa, akisikiliza madaktari wa wenzake na wahandisi wa wenzake. Yeye alikuwa na mtoto mmoja, tena wa kike, aliyekwenda Afrika Kusini kusomea nyota. Nyota hazimponyi mtu wala hazijengi daraja. Alipoulizwa binti anasomea nini, alijibu "sayansi" halafu akauliza habari za mvua.

Ndipo Joviana akapiga simu kusema kwamba yeye na wenzake, kundi la watafiti wa nchi mbalimbali, wamegundua sayari inayozunguka nyota moja ndogo nyekundu, mbali sana na jua letu. Hakuna aliyeiona kwa macho. Nyota ile ilikuwa inayumba kidogo kwa mpangilio, inasogea huku, inarudi kule, na wakakadiria kuwa kuna kitu kinaizunguka na kuivuta.

"Kwa hiyo ni yako?" Kokushubila aliuliza.

"Mama, ni ya watafiti wote. Na si ya mtu."

"Lakini wewe ndiye uliyeanza kuiona."

"Mimi ndiye niliyechambua ule mwanga kwanza, ndiyo."

"Basi ni yako," alisema Kokushubila, na jioni hiyohiyo jirani yake Evodia alijua, na kwa kuwa Evodia alijua, Muleba ilijua.

Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo habari ilipokewa na Mwijage, kaka mkubwa wa marehemu Avit, mkaguzi mstaafu wa elimu. Mwijage alikuwa nshomile wa daraja la kwanza, yaani msomi wa namna ile ya kwetu ambaye akiombwa maji ya kunywa huanza kwa kueleza maji ni nini. Aliandika ujumbe mrefu uliogawanyika sehemu kadhaa, akaueleza ukoo mfumo wa sayari, akakosea mahali pengi kwa kujiamini sana, akamalizia kwa kupendekeza sayari ipewe jina la babu yao, Lameki. Wajukuu wa Lameki waliafiki wote. Mmoja aliuliza ina ekari ngapi.

Hapo ni lazima nieleze jambo ambalo Mwijage hakuliandika. Avit alikuwa amezikwa katikati ya kibanja kile, nyuma ya nyumba, kama baba yake na babu yake. Matanga yalikuwa yamekwisha zamani, na ukoo ulikuwa umepanga kikao cha kukata shauri la kibanja. Avit hakuacha mtoto wa kiume. Kwa maneno ya Mwijage, Joviana alikuwa ameolewa, amehamia ukoo mwingine, na ardhi ya ukoo haiwezi kumfuata kwa watu. Kibanja kingekwenda kwa Rugambwa, mtoto wa Mwijage, kijana ambaye hakuwahi kushika jembe na ambaye tayari alikuwa ameonekana akipima upande wa barabara na mtu mwenye nia ya kujenga kituo cha mafuta. Kokushubila angeachiwa nyumba na migomba ya uani, ale mpaka Mungu atakapomchukua. Na akichukuliwa, azikwe kwao alikozaliwa.

Hilo la mwisho ndilo lililomnyima raha. Usiku na mchana alitaka jambo moja: kile kibanja kiwe cha Joviana, ili siku yake ikifika alale kando ya Avit, na asitokee mtu wa kumwaga petroli juu yao.

Wiki moja kabla ya kikao, Kokushubila akiwa anamenya ndizi, Joviana akapiga tena. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mama, ile sayari haipo."

"Imekwenda wapi?"

"Haikuwepo. Tumeipima tena kwa darubini nyingine. Kama ingekuwa sayari, ingeivuta nyota kwa nguvu ileile, hata tukitazama mwanga wa rangi yoyote. Sasa tukitazama mwanga wa buluu, nyota inaonekana inayumba sana. Tukitazama mwekundu, haiyumbi hivyo. Ni madoa, mama. Nyota yenyewe ina madoa meusi usoni, na ikijizungusha yanapita mbele yetu na kutudanganya."

Kokushubila aliacha kumenya.

"Ni kama ukiona mgomba unatikisika kibanjani," Joviana aliendelea, "unasema kuna mtu nyuma yake. Ukienda kutazama hakuna mtu. Ni mgomba wenyewe umeelemewa na mkungu."

"Nani ameyaona hayo madoa?"

"Mimi."

"Wewe mwenyewe? Mae! Mwana wange, sayari yako umeiua kwa mkono wako? Si ungenyamaza hayo madoa wayaone wengine?"

"Wangeyaona. Na ni afadhali niseme mimi. Makala inatoka Desemba. Ila tumekubaliana asitoe mtu habari kabla haijatoka, kwa hiyo nakuomba usimwambie mtu."

Kokushubila alilia kidogo. Alililia sayari kama alivyowahi kulilia ng'ombe wake mmoja aliyekufa akiwa na mimba. Alikuwa amekwisha kuisema Muleba mjini, kwenye foleni ya hospitali, kwenye mizani ya chama cha kahawa, na kwa padri mara mbili. Alikuwa ameanza kukaa benchi la pili kanisani. Sasa angerudi mkekani nyuma, na safari hii watu wangegeuka kumtazama.

Lakini alikuwa ameombwa anyamaze, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akanyamaza. Evodia alidhani anaumwa.

Siku ya kikao ukoo ulikaa sebuleni kwa Kokushubila, kwenye nyasi mbichi zilizotandazwa sakafuni, na wazee vitini. Protase, mwenyekiti wa kitongoji, aliitwa kama shahidi pamoja na majirani kadhaa. Kokushubila alipiga magoti akagawa kahawa ya kutafuna, akarudi kukaa karibu na mlango wa jikoni.

Mwijage alikuwa na ajenda moja, kibanja. Kwa bahati yake mbaya, asubuhi ile alikuwa amepata habari kutoka Rubafu.

Mume wa Joviana, Byabato, anauza dawa za mifugo Bukoba mjini na nyumba yao iko Nshambya, lakini kwao ni Rubafu. Ni Walutheri wa tangu enzi. Jumapili iliyopita baba yake, Mzee Kamala, alisimama baada ya ibada akatangaza kwamba mke wao, mke wa Rubafu, amegundua sayari, akatoa shukrani ya ng'ombe dume. Kwaya iliimba. Mtu alirekodi, na video ilikuwa imefika Kishanda kabla ya chai.

"Mke wao!" alisema Mwijage, akisimama. "Nani alimzaa? Nani alimpeleka darasa la kwanza? Wao wamempata amekwisha kuiva! Damu ya Joviana ni ya Avit, na damu ya Avit ni ya Lameki. Mtoto haachi kuwa wa baba yake kwa sababu amevaa shela. Alichopata ni cha ukoo huu, na Walutheri wa Rubafu watafute nyota yao!"

"Kweli waitu!" ukoo uliitikia, yaani kweli ndugu zetu.

Mzee mmoja alitaka kujua mwaka wa huko ni mrefu kiasi gani. Mwijage, aliyekuwa amesoma mtandaoni, alisema mwaka wa sayari ile huisha kabla mwezi wetu haujafika nusu.

"Kwa hiyo kahawa inachumwa kila wiki?" aliuliza mzee, macho yakimng'aa.

"Na ada ya shule nayo?" aliuliza mwingine, na furaha ikapungua kidogo.

Kokushubila alikuwa anasikiliza. Yeye peke yake katika nyumba ile alijua kuwa wanagombea madoa. Lakini aliona pia mlango ambao haukuwepo jana. Akapiga magoti pale alipokuwa.

"Shemeji, waitu. Mnisamehe, mimi ni mwanamke niliyeolewa tu hapa. Nina swali. Kama Joviana ni wenu huko juu, hapa chini ni wa nani?"

Rugambwa aliacha kutazama simu.

"Hilo ni suala jingine," alisema Mwijage. "Lina taratibu zake."

"Ni kweli, ni jingine," alisema Protase polepole. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kituo cha mafuta hakukitaka, kwa kuwa kingekuwa mbele ya dirisha lake. "Ila Mkaguzi, Rubafu wakisikia kwamba binti mmemnyima kibanja kwa sababu ni mke wa watu, halafu sayari mnaidai kwa sababu ni mtoto wenu, watasema nini? Wale nao wamesoma."

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyommaliza. Mwijage aliona mbele yake Mzee Kamala akicheka mbele ya kwaya. Kati ya kibanja kimoja na sifa ya ukoo mzima, mtu aliyekagua shule za mkoa hana cha kuchagua. Alijikohoza akatamka, kwa sauti ya kusomea matokeo, kwamba Joviana binti Avit ni damu ya ukoo juu na chini, na kibanja cha baba yake ni chake. Rugambwa alitoka nje.

Kwetu maneno kama hayo hayaachwi hewani. Walikwenda wote kibanjani, wakapanda milamula mpakani, ile miti ya majani marefu ambayo kila jirani anaijua na hata hakimu huuliza iko wapi kabla hajauliza karatasi. Wakatafuna kahawa kutia muhuri. Kokushubila alitafuna huku machozi yakimtoka, na ukoo ukasifu jinsi anavyoipenda sayari.

Desemba Joviana akaja, pamoja na msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa. Mwijage alikuwa ameandaa sherehe ya shukrani Kishanda, kubwa kuliko ya Rubafu, na alikuwa amewaalika Rubafu makusudi ili waishuhudie. Asubuhi ya sherehe mama na binti walikaa uani na sufuria kati yao, wakinyonyoa mabawa ya senene, na Kokushubila akamweleza binti yake yote.

Joviana aliacha mikono hewani. "Mama! Umepata kibanja kwa sayari ambayo haipo?"

"Sikusema neno la uongo. Nilinyamaza. Nani aliniambia ninyamaze?"

"Makala imetoka juzi. Leo wataniambia niseme, na nikisimama nitasema ukweli."

Kokushubila alitazama nyuma ya nyumba, kaburi la Avit lilipo. Angeweza kuomba. Angeweza kusema mwanangu, mambo ya kesho yasemwe kesho, wageni wakishaondoka. Maneno yalimfika kwenye ulimi kabisa. Kisha alimwona Joviana akirudia kunyonyoa, kichwa kimeinama, taya limekaza kama la Avit siku aliyokataa kutia saini vipimo vya uongo vya mizani pale chama cha kahawa, akapoteza ukatibu wake. Alimpenda Avit siku ile, na alimkasirikia mwaka mzima.

"Sema," alisema. "Lakini waache wale kwanza. Mtu mwenye njaa haelewi nyota."

Walikula. Ng'ombe, matoke, senene, na rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa wasiokuwa Walutheri, na kwa Walutheri wachache waliojificha nyuma ya maturubai. Mwijage alisoma hotuba yake, akataja sayari Lameki, akawatazama Rubafu kila alipotaja jina hilo. Kisha akamkaribisha Joviana apige msumari wa mwisho.

Joviana alisimama. Aliwasalimu kwa Kihaya, akawaambia habari yote kwa Kiswahili chepesi: nyota iliyoyumba, furaha yao, darubini ya pili, rangi ya buluu na nyekundu, madoa. Alisema yeye ndiye aliyeligundua kosa na yeye ndiye aliyeandika makala ya kulisahihisha.

"Sayari haipo, wazazi wangu. Samahanini. Ila nyota ipo, na sasa tunaijua vizuri zaidi."

Kokushubila alitamani ardhi yake mpya immeze.

Aliyeanza kucheka ni Mzee Kamala. Alicheka kwa heshima, mkono mdomoni, lakini mabega yalimsaliti. "Mkaguzi," alisema, "sisi Rubafu tumefikiri. Sayari tumewaachia."

Mwijage alisimama, uso umemjaa hasira. "Basi! Kama sayari haipo, na kilichotokana nayo hakipo. Rugambwa, lete jembe, milamula ile ing'olewe."

Rugambwa, ambaye hakuwahi kushika jembe, safari hii alijua lilipo.

"Ngoja," alisema Protase bila kuinuka. "Mimi na majirani tuliitwa kushuhudia. Tulishuhudia milamula ikipandwa. Sayari hatukushuhudia."

"Iliyotajwa ilikuwa sayari!"

"Iliyotajwa ilikuwa damu," alisema Kokushubila.

Hakupiga magoti. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na sahani chafu mikononi, na sauti yake, ile iliyozoea kusifia, ilitoka kavu.

"Shemeji, ulisema damu ya Joviana ni ya Avit, na ya Avit ni ya Lameki. Hayo hukuyapima kwa darubini. Kama leo nayo yamekuwa madoa, kaburi la mdogo wako hilo hapo nyuma yako. Geuka umwambie kwamba hana mtoto."

Mwijage hakugeuka. Alitazama viatu vyake, akatazama Rubafu, akamtazama Rugambwa aliyesimama na jembe kama mgeni aliyeshikishwa mtoto. Mambo mengi yalimpita usoni, na nitakuwa mwongo nikisema aibu haikuwamo. Kisha polepole, kwa juhudi ambayo watu walioiona bado wanaisimulia, mkaguzi mstaafu alinyoosha koti lake.

"Ndugu wageni," alisema, "mnacheka kwa kuwa hamkuelewa. Kupata sayari siku hizi ni jambo la kawaida, wanapata kila mwaka huko duniani. Lakini kuiondoa! Kusimama mbele ya wasomi wa mataifa na kusema hii haipo, na wote wakakubali! Nani mwingine katika mkoa huu ameondoa sayari? Hiyo ni damu ya Lameki."

"Kweli waitu!" ukoo uliitikia, kwa nafuu kubwa.

"Samahani," alisema Mzee Kamala, na sasa hakuwa anacheka. "Alipoiondoa alikuwa ameshaolewa. Aliyeiondoa ni mke wetu."

"Makala ina jina la baba yake!"

"Ina jina la mumewe pia, umesoma au hujasoma?"

"Mimi? Unaniuliza mimi kama nimesoma?"

Joviana alikaa chini akajifunika uso kwa mikono. Byabato alisogeza kiti karibu naye akamwekea senene kwenye sahani.

Kokushubila aliwaacha wakigombana. Alibeba beseni la maji aliyooshea vyombo, akapita nyuma ya nyumba, akayamwaga taratibu kwenye shina la mlamula wa kwanza, ule unaoelekea kaburini. Ulikuwa umetoa jani jipya. Akarudi kukaa kwenye ukingo wa kaburi kupumzisha mgongo. Kesho kanisani angerudi nyuma, hilo alilijua, na aliona uchungu, kwa kuwa benchi la pili lilikuwa zuri.

"Avit," alisema, "mwanao amefuta sayari yangu." Akapangusa mikono kwenye kanga. "Hata wewe ungeifuta."